Matone ya Sibidii

Hapo juzi, si zamani sana, katika nchi ambayo si ya kwenu wala si ya jirani zenu, palikuwa na serikali iliyopenda utulivu kuliko kitu kingine chochote. Nchi yenyewe iliitwa Jamhuri ya Shwari. Kila jioni msomaji wa taarifa ya habari alianza kwa kutangaza kwamba hali ni shwari, na hakusema uongo, maana mtu yeyote mwenye hali nyingine alikuwa ameshauriwa aiache nyumbani kwake.

Kulinda hali hiyo iliundwa Wizara ya Utulivu, na wizara hiyo ndiyo iliyokuwa na makelele kuliko zote. Ghorofa ya kwanza makarani walikaripiwa na maafisa. Ghorofa ya pili maafisa walikaripiwa na wakurugenzi. Ghorofa ya tatu wakurugenzi walikaripiwa na Katibu Mkuu, na ghorofa ya nne Waziri alimkaripia Katibu Mkuu kwa simu, ingawa vyumba vyao vilipakana. Wananchi waliokuja kufuatilia shida zao walikaripiwa na mlinzi pale pale getini, ili wasipate taabu ya kupanda ngazi.

Mtu mmoja tu hakumkaripia yeyote, kwa kuwa hakuwa na wa chini yake. Huyo alikuwa Bi Sikujua Pazi, mhudumu wa jiko la wizara, mwanamke wa miaka hamsini na minane, mfupi, mwenye mikono myepesi na masikio mazuri. Kahawa aliikaanga mwenyewe, akaitwanga mwenyewe pamoja na tangawizi, akaichemsha mpaka harufu ikapanda ghorofa zote nne kabla yake. Mawaziri wanane walikuwa wamepita mbele ya birika lake. Walikuja, wakanywa, wakahamishwa, na yeye akabaki na birika.

Waziri wa tisa alikuwa Mheshimiwa Amandus Kipepe. Alikuwa mtu mwema, kwa kadiri mawaziri wa Shwari walivyoruhusiwa kuwa wema. Alilia kwenye misiba ya watu asiowajua, akachangia harusi asizoalikwa, ila akiletewa faili ambalo siye aliyeliitisha, alilirusha dirishani. Daktari wake alikwisha kumwonya kwamba presha yake ikiendelea kupanda namna ile, taifa litapata siku tatu za kupeperusha bendera nusu mlingoti.

Basi mwaka huo Waziri alialikwa kwenye kongamano la utulivu ng'ambo. Alikaa siku sita kwenye hoteli ambako wageni, kila asubuhi, walitia matone ya mafuta fulani ndani ya kahawa, wakanywa, wakatabasamu. Naye akatia. Kwa siku zote sita hakumkaripia mtu. Haikumpitikia kwamba huenda ni kwa sababu hakuijua lugha yao. Alihitimisha kwamba ni matone.

*

Aliporudi aliwakusanya watumishi wote ukumbini.

"Ndugu watumishi," alisema, "wenzetu wameendelea, nanyi mnajiuliza kwa nini. Mimi nimekwenda nikaona kwa macho yangu. Wenzetu wanakunywa kahawa yenye CBD. Hii ni dawa itokanayo na mmea ambao kwa sasa sitautaja, kwa kuwa hapa kwetu mmea huo ni marufuku. Lakini tusichanganye mambo. Mmea ni mmea, na tone ni tone. Mmea unalewesha. Tone limetolewa ulevi kitaalamu, likabakizwa busara."

Wakapiga makofi. Nyuma kabisa, karani wa masijala alimwinamia mwenzake.

"Kasema inaitwaje?"

"Sibidii."

"Si bidii? Basi hiyo sisi tulishaanza kuitumia zamani."

Na jina likashika. Kuanzia siku ile hakuna aliyeiita CBD isipokuwa Waziri mwenyewe.

Ilibaki kumpata wa kuileta. Serikali ilitaka mtu mwenye uzoefu, na kwa kuwa hakuna aliyekuwa na uzoefu wa sibidii, alichaguliwa shemeji yake Waziri, ambaye alikuwa na uzoefu wa muda mrefu wa kuwa shemeji. Haikupita wiki, maboksi yakafika. Ndani yake mlikuwa na vichupa vya rangi ya hudhurungi, kila kimoja na lebo ya dhahabu iliyochorwa jani, na juu ya jani hilo mstari mwekundu wa kulikanusha.

Ukafuata Waraka Namba Saba. Karani angepata tone moja, afisa matone mawili, mkurugenzi manne, Katibu Mkuu sita, na Waziri kumi, kwa sababu ya uzito wa majukumu. Mlinzi angenusa kizibo. Kila mtumishi akishakunywa angeketi robo saa bila simu, bila faili na bila kumkaripia mtu, ili dawa ipate njia. Wakati huo anaweza kuzungumza na aliye karibu naye, mradi mazungumzo hayahusu kazi.

Bi Sikujua naye akapewa barua. Kuanzia tarehe hiyo alikuwa Afisa Mtia Matone, Daraja la Nne. Madaraja ya kwanza hadi ya tatu hayakuwepo, lakini waliona si vizuri mtu wa jikoni aanzie juu.

Alipobaki peke yake jikoni alifungua kichupa kimoja, akadondosha tone nyuma ya kiganja, akalilamba. Akatulia. Akalamba la pili. Kisha akafungua kichupa kingine, na kingine, kila kimoja kutoka boksi lake. Kwao Bi Sikujua, mama yake alikamua mafuta ya ufuta maisha yake yote, na yeye aliyajua mafuta hayo kabla hajajua kutembea.

"Ufuta," alisema, na hapakuwa na wa kumsikia. "Tena umekaangwa kidogo."

Akautazama waraka. Ulikuwa na mihuri miwili na sahihi tatu. Aliusoma mwanzo hadi mwisho na hakuona mahali ambapo mpika kahawa ameulizwa chochote. Akachukua kijibomba cha mpira, akaanza kuhesabu matone.

*

Siku ya kwanza watu waliketi robo saa wakitazamana kama wagonjwa wanaosubiri majibu. Siku ya pili wakaanza kuzungumza. Mkurugenzi wa Amani ya Ndani aligundua kwamba katibu muhtasi wake ana mapacha. Maafisa wawili ambao kwa miaka minne waliandikiana barua za kulaumiana waligundua kwamba wanakaa mtaa mmoja, na kwamba anayewaibia kuku ni mwizi yule yule. Siku ya nne Katibu Mkuu alikwenda kwa miguu yake chumbani kwa Waziri, wakanywa pamoja, na simu ile ikapata mapumziko.

Baada ya wiki mbili kazi zilianza kufanyika, jambo lililowashtua wengi. Mama mmoja aliyefuatilia hati ya marehemu mumewe kwa mwaka wa tatu alipewa hati hiyo asubuhi moja, na kiti, na kikombe. Alilia. Mlinzi alimfuta machozi, akamwonyesha njia.

"Ni sibidii hiyo," watu wakaambiana. "Inafanya kazi kwelikweli."

Bi Sikujua alisikia, akaendelea kuosha vikombe. Ukweli ni kwamba alifurahi. Sauti za watu wakicheka zilimfikia jikoni kupitia ngazini, na hakukumbuka ni lini alipata kuzisikia.

Mwezi wa pili Waziri aliitwa redioni kueleza mafanikio yake. Alieleza vizuri, kwa sauti ya taratibu, mpaka mtangazaji alipomwuliza, "Na huo mmea, mheshimiwa, ni mmea gani?"

Zamani Waziri angemfokea. Lakini asubuhi ile alikuwa ametoka kunywa matone yake kumi.

"Ni bangi," akajibu kwa upole.

*

Aliyesikiliza redio hiyo kwa makini kuliko wote alikuwa Kamanda Mabruki Tindwa, mkuu wa kikosi cha kupambana na mmea. Wiki chache kabla alikuwa amemkamata mzee mmoja, Mzee Mahimbo, kwa kosa la kukutwa na mashina matatu ya bangi nyuma ya zizi la mbuzi. Mashina hayo yalipangwa mezani mbele ya kamera, askari sita wakasimama nyuma yake kama timu iliyochukua kombe. Tangu hapo mashina yalikuwa yamenyauka, na Kamanda alihitaji mengine.

Alivamia wizara saa tatu asubuhi na askari kumi na wanne na mbwa. Mbwa alinusa vichupa vyote arobaini, akaona hakuna la maana, akaenda kulala chini ya meza yenye sahani ya kashata. Kamanda aliandika kwenye daftari lake kwamba mbwa amezidiwa na ukubwa wa ushahidi.

Ikabaki kumpata mkosaji. Waziri alikuwa na kinga. Katibu Mkuu alikuwa na kikao. Wakurugenzi walisema walikunywa kwa kutii amri, na makarani wakasema tone moja si kitu cha kuitwa kunywa. Aliyebaki ni yule aliyekutwa na kijibomba mkononi, ambaye zaidi ya hayo alikuwa na barua rasmi inayothibitisha kwamba ndiyo kazi yake.

"Huo ni ufuta, baba," Bi Sikujua alimwambia Kamanda. "Onja mwenyewe."

"Mama, mwaka huu nimeshaambiwa ni mchicha, nimeambiwa ni majani ya chai, nimeambiwa ni dawa ya kuku," Kamanda alisema, akitoa kalamu. "Ufuta ni mpya. Nitauandika."

Wakamshusha ngazi. Watumishi walisimama kwenye milango ya ofisi zao wakimtazama akipita katikati ya askari wawili, aproni bado kiunoni. Waziri alichungulia dirishani kutoka ghorofa ya nne, akamwona anasaidiwa kupanda gari, mkono mmoja umeshika upande wa khanga usipeperuke. Akafunga pazia.

Bi Sikujua alikaa mahabusu siku tatu. Sheria ya mmea huko Shwari haikuwa na mzaha: miaka thelathini, bila faini. Alijaribu kujifikiria akiwa na miaka themanini na minane, akitoka getini na kifurushi, na hakuweza kumwona huyo bibi vizuri. Usingizi ulimpaa. Mara moja tu alijiuliza kama angesema mapema ingekuwaje, kisha akajigeuza upande wa pili.

Huko wizarani vichupa vyote vilikuwa polisi, lakini shemeji alileta vingine arobaini siku hiyo hiyo, kwa dharura. Matone yalikuwepo. Kahawa haikuwepo. Hakuna aliyejua inavyopikwa, wala buni inapowekwa. Walitia sibidii kwenye maji ya bombani, wakameza wamesimama, wakarudi kwenye mafaili. Kufika siku ya pili karani alikuwa anakaripiwa. Siku ya tatu faili likaruka dirishani.

*

Asubuhi ya kesi, Bi Sikujua alikalishwa kwenye benchi la washtakiwa pamoja na mzee mwembamba mwenye magoti yaliyovimba. Ndiye yule Mzee Mahimbo wa mashina matatu.

"Wewe dada yangu wamekukamata na mangapi?" Mzee aliuliza.

"Hata moja. Mimi nina mafuta ya ufuta."

"Ufuta nao umekatazwa?"

"Bado hawajaamua. Na wewe?"

"Mimi nachemsha majani nikande magoti. Nilikuwa nimeshabandika sufuria walipoingia. Wakamwaga maji yangu, wakachukua mashina." Akayapapasa magoti. "Wakaniambia nipige magoti wakati wa picha. Nikawaambia hayo ndiyo maradhi yenyewe."

Hakimu Theonestina Mwombe aliingia, mwanamke mrefu mwenye miwani kwenye ncha ya pua. Karani wa mahakama akasoma shauri.

"Mshtakiwa, jina lako?" Hakimu aliuliza.

"Sikujua."

"Hukujua nini?"

"Jina langu, mheshimiwa."

"Hujui jina lako?"

"Nalijua. Ni Sikujua."

Hakimu alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena. Mwendesha mashtaka, kijana wa suti ya kijivu, aliomba iingie kwenye kumbukumbu kwamba mshtakiwa ameanza kwa kukanusha.

Lakini kabla shahidi wa kwanza hajaitwa, tarishi aliingia akihema, na bahasha yenye lakiri. Serikali ilikuwa imewaza. Ikiwa kilichomo kwenye vichupa ni bangi, basi nusu ya Baraza la Mawaziri, ambao nao walikuwa wameanza kuagiza vya kwao, ni wahalifu. Hivyo asubuhi ile ilitolewa kanuni mpya, na mwendesha mashtaka akaisoma kwa sauti:

"Kwa madhumuni ya sheria, mmea uliotajwa, ukiwa ndani ya kimiminika, au ukiwa njiani kuelekea kwenye kimiminika, hautahesabiwa kuwa mmea."

Watu ukumbini wakaitafuna ile sentensi. Wa kwanza kuimeza alikuwa Mzee Mahimbo. Akanyoosha mkono.

"Mheshimiwa Hakimu, yangu yalikuwa njiani."

"Njiani wapi?"

"Kwenda kwenye sufuria. Sufuria ilikuwa jikoni, maji yameanza kutokota. Askari wenyewe ndio walioyamwaga, waulize."

Hakimu alimgeukia Kamanda Tindwa. Kamanda alikiri kwamba maji yalikuwepo, na kwamba yalimwunguza askari mmoja mguuni. Hakimu akaisoma kanuni mara mbili, midomo ikimcheza. Kisha akasema mashina yale matatu hayakuwahi kuwa mashina, na kwamba mzee yuko huru. Mzee Mahimbo aliinuka, lakini hakwenda popote. Alirudi kuketi benchi la wasikilizaji, nyuma ya Bi Sikujua, akasema anasubiri mwenzake.

Na mwenzake naye angeachiwa dakika ile ile, kama asingeingia mkemia wa serikali na majibu ya maabara.

"Tumepima vichupa vyote arobaini," mkemia alisema. "Ni mafuta ya ufuta. Hakuna mmea wowote uliokatazwa. Hakuna hata harufu yake."

Mngedhani hapo kesi imekwisha. Lakini mwendesha mashtaka alikuwa amesomeshwa kwa fedha za umma na hakutaka zipotee. Aliomba dakika mbili, akanong'ona na Kamanda, akainuka na shtaka jipya. Sasa mshtakiwa alidaiwa kwamba, kwa kujua na kwa makusudi, aliwanyima viongozi wa taifa bangi waliyostahili kisheria, kila mmoja kwa cheo chake.

"Adhabu yake ni ipi?" Hakimu aliuliza.

"Kanuni ni mpya, mheshimiwa. Tunapendekeza ile ile miaka thelathini, mpaka itakapofikiriwa nyingine."

Bi Sikujua, ambaye kwa siku tatu hakuwa amecheka, alicheka. Alicheka taratibu, mkono mdomoni, mpaka mabega yakatikisika, na Mzee Mahimbo nyuma yake akaanza naye.

"Mheshimiwa Hakimu," alisema alipopata pumzi, "vile vichupa vilinijia vimezibwa kwa lakiri. Lakiri nimezivunja mimi mwenyewe, jikoni. Mimi sikukamua kitu, sikujaza kitu. Muulizeni aliyevileta."

"Aliyevileta ni nani?"

Mwendesha mashtaka akapatwa na kikohozi. Kamanda akawa anafunga kamba ya kiatu. Bi Sikujua aligeuza macho kuelekea safu ya mbele, ambako Waziri Kipepe alikuwa ameketi na kitambaa cha kujifutia jasho. Alimtazama tu, kama anavyomtazama mtu ambaye hajarudisha kikombe.

Mshipa wa shingo ya Waziri ulianza kucheza. Waliomjua walijiandaa kumsikia akifoka. Akasimama.

"Ni shemeji yangu," alisema.

Hakimu alisubiri. Waziri akatazama chini, akatazama juu, kisha akaendelea kwa sauti ambayo haikuwa ya redioni wala ya ukumbini.

"Huyu mama hana kosa. Nilipewa ufuta nikauita busara. Nilitulia kweli, mheshimiwa, sisemi uongo, miezi miwili nilitulia, presha ikashuka. Hizi siku tatu tumekunywa mafuta yale yale bila yeye, na jana nimetupa faili. Sasa sielewi nilitulizwa na nini. Nadhani ni kule kuketi. Au kahawa. Lakini si jambo la kumfunga mtu."

Ilikuwa mara ya kwanza katika historia ya Shwari waziri kusema hadharani kwamba haelewi, na waandishi wa habari walitazamana, hawajui neno hilo linaandikwaje. Mwendesha mashtaka aliondoa shtaka kwa maslahi ya utulivu. Jioni ile taarifa ya habari ilitangaza kwamba hali ni shwari, kwamba serikali imefanikiwa katika majaribio yake ya zao la ufuta, na kwamba shemeji wa kiongozi mmoja amesafiri nje kwa masomo ambayo urefu wake haujulikani.

*

Jumatatu Bi Sikujua alirudi kazini. Alikuta jiko limechafuka, birika limeunguzwa tako, sukari ndani ya kopo la chumvi. Alifunga aproni, akaanza kuosha. Alikuwa amefika katikati ya rundo la vikombe aliposikia mtu amesimama mlangoni. Alikuwa Waziri, bila msaidizi, bila faili.

"Bi Sikujua," alisema, "kuna jambo linanisumbua. Ulijua tangu lini kwamba ule ni ufuta?"

"Tangu tone la kwanza."

"Siku ile ile ya kwanza?"

"Kabla hujanywa cha kwanza."

Waziri aliegemea kizingiti. "Na ukanyamaza. Miezi miwili. Mpaka ukapelekwa ndani. Kwa nini hukuniambia?"

Bi Sikujua aliinua kikombe, akakitazama kwenye mwanga, akakirudisha majini.

"Mheshimiwa, mimi nimekuletea kahawa miaka sita," alisema. "Kila siku naingia, naweka, natoka. Hujapata kuinua macho. Siku ya tatu ya yale matone, nimeweka kikombe, ukaniambia shikamoo. Nilidhani unaongea na simu. Kesho yake tena, shikamoo mama, umeamkaje. Nikasema moyoni, huyu nikimwambia ni ufuta, ataacha."

Maji yalidondoka bombani. Waziri alivua koti lake, akalitundika kwenye msumari wa aproni, akachukua kitambaa, akaanza kukausha vikombe. Alivikausha vibaya, nje tu, ndani vimebaki na maji. Bi Sikujua aliona, akamwacha aendelee, akavuta kigoda akaketi.